Dakika za Ziada si Sadaka

Kuna kauli inayorudiwa sana vyuoni kuhusu mitihani ya kompyuta, na wanaoirudia huiona kuwa haki tupu: kompyuta haimjui mtu. Maswali ni yaleyale, saa ni ileile, na muda ukiisha mfumo unajifunga kwa wote kwa mpigo. Kwa hiyo mwanafunzi asiyeona, mwenye ualbino au mwenye mikono isiyotii, akiomba muda zaidi, eti anaomba kubebwa. Huo ni uvivu wa kufikiri uliovikwa joho la usawa.

Tuanzie Gerezani, Dar es Salaam. Kituo cha mabasi ya mwendokasi kimejengwa ili sakafu yake ilingane na ya basi. Anayetumia kiti mwendo anaingia bila kuinuliwa na watu, na mama mwenye furushi la mzigo wa Kariakoo anapita hapohapo. Msongamano ni kesi ya siku nyingine. Ila sijasikia abiria akilalamika kwamba mwenzake wa kiti mwendo kapunguziwa safari. Wote wanakwenda Kimara, na nauli ni moja.

Jirani na hapo ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, inayopokea watoto wasioona pamoja na wanaoona. Mtoto asiyeona akifanya mtihani wa taifa, Baraza la Mitihani humwongezea dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hakuna anayekiita cheti chake cha kidato cha sita cha kupewa. Chuo kikuu kinakipokea na kumdahili. Halafu siku ya mtihani wa kompyuta anaambiwa mfumo ni mmoja kwa wote. Macho yake yalipona lini?

Wanaosema saa ni ileile hawajawahi kuketi upande wa pili. Anayeona hulitupia jedwali jicho moja akapata anachotaka. Asiyeona husomewa na programu ya kusoma skrini, kisanduku kimoja baada ya kingine, huku akikariri kichwani namba ipi ni ya safu ipi. Akitaka kulinganisha chaguo A na D, anasikiliza upya. Mwenye ualbino na uoni hafifu akikuza maandishi mara nne, kwa urefu na kwa upana, skrini yake inabeba sehemu moja tu kati ya 16 za ukurasa. Zilizobaki anazisaka kwa kusogeza kushoto, kulia, juu, chini. Dakika hizo haziongezi jibu lolote kichwani mwake. Zinalipia kazi ambayo mwenzake hakupewa.

Hoja yao nzito kidogo ni hii: hata asiye na ulemavu akiongezewa muda atapata alama zaidi. Sawa. Lakini ikiwa darasa zima lingefaulu vizuri zaidi kwa kuongezewa nusu saa, basi mtihani huo ulikuwa unapima mbio, na mwenye kosa ni aliyeutunga. Kasi ina haki ya kupimwa pale inapokuwa ndiyo somo, kama kwa anayesomea kupiga chapa. Katika sheria ya mikataba au historia ya Afrika Mashariki, kasi ya kuperuzi skrini haimo kwenye mtaala.

Wengine hujificha nyuma ya mashine: "mfumo hauruhusu." Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni unaotumiwa na vyuo vyetu kadhaa, una mpangilio wa kumwekea mwanafunzi mmoja muda wake bila kugusa wa wengine. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa na kijana asiyeona wa Australia mwaka 2006, inatolewa bure, na inafanya kazi hata kwenye laptopu ya mtumba. Kinachokosekana ni mtu wa kubofya, na wa kumruhusu mwanafunzi aujaribu mfumo wiki moja kabla.

Hata hivyo, wapo waungwana wanaotoa dakika na kudhani wamemaliza. Picha isiyo na maelezo ya maneno haisomeki kwa asiyeona hata akipewa siku nzima. Swali la kuburuta vitu kwa kipanya linamfungia mlango anayetumia kibodi pekee. Video isiyo na maandishi chini yake ni ukuta kwa kiziwi. Muda hautibu swali lililotungwa vibaya, na la kurekebisha hapo ni swali lenyewe.

Na tusizungumze kana kwamba tunaomba huruma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inagusa elimu ya juu kwa jina, pamoja na wajibu wa kuweka mazingira yanayomfaa mwanafunzi. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mhadhiri anayeyatoa haya kwa hisani anagawa kisicho chake. Anayeyanyima anazuia haki ya mtu.

Anayedai kulinda hadhi ya shahada na aanze kwa kutuambia swali lake linapima nini. Akijibu kwamba linapima somo, hana sababu ya kuogopa dakika 20. Akishindwa kujibu, kiwango kimeshashuka, na aliyekishusha si mwanafunzi mwenye ulemavu.