Sigara kwenye usukani: swali la Masisi na Walikale

Je, shofa akatazwe kuvuta sigara akiwa anaendesha? Kwa mtu wa Masisi au Walikale swali hili linaweza kuonekana dogo. Barabara ina mashimo, matope na watu wenye silaha. Nani ana nafasi ya kufikiri juu ya sigara? Sisi tunaona lina uzito, tena hapa kuliko katika nchi zenye lami.

Tazama kile kinachobebwa. Esansi inayokwenda vijijini mara nyingi haisafiri katika gari la tanki. Inawekwa katika bidoni za plastiki, ikafungwa nyuma ya pikipiki au kupakiwa ndani ya Fuso katikati ya magunia, na juu ya magunia hayo wamekaa abiria: wachuuzi, wanafunzi, mama na watoto wao. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kukaa kati ya mizigo, hauonekani. Shofa akiwasha kiberiti hapo, aliye juu ya magunia hana pa kurukia. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange katika Kivu ya Kusini, gari la esansi lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukashika. Walikufa zaidi ya 230, wengine wao wakiwa tu wanatazama mpira wa Kombe la Dunia karibu na hapo.

Halafu kuna moshi wenyewe. Mvua ya Masisi ikinyesha, vioo vinafungwa, na ndani ya gari dogo wamebanana watu sita au saba. Mtoto mchanga anavuta sigara ya shofa bila kupenda. Mama yake ananyamaza, kwa sababu akisema ataambiwa ashuke, na kijiji kinachofuata ni mbali.

Kwa hiyo tunajibu: ndiyo, ikatazwe, hasa pale penye abiria au esansi. (Wengi wetu tumelelewa katika makanisa yanayokataza tumbaku kabisa, lakini hoja yetu hapa si dhambi ya mvutaji. Ni uhai wa aliyekaa nyuma yake.)

Ugumu uko kwa yule atakayekataza. Kongo ina sheria ya afya ya umma ya 13 Desemba 2018, nayo inagusa tumbaku. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2015, ikakataza sigara katika magari ya abiria. Lakini Masisi-Centre ilitwaliwa na M23 Januari 2025. Walikale-Centre ilitwaliwa Machi mwaka uleule, kisha ikaachwa. Faini ingelipwa kwa nani? Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu vizuizi 798 katika Kivu zote mbili, na karibu kila kimoja kina mtu anayenyoosha mkono. Tukimpa sababu nyingine, sigara itaendelea kuwaka na abiria ndiye atakayeongezewa nauli. Faini ya barabarani hatuiungi mkono.

Hata Uingereza, iliyokataza sigara katika gari lenye mtoto tangu 1 Oktoba 2015, polisi waliandika faini chache mno mwanzoni. Sheria ilisimama zaidi kwa sababu wazazi wenyewe waliikubali.

Kwetu wenye nguvu hiyo ni watu wanaomjua shofa kwa jina. Mwenye Fuso anaweza kumwambia: gari langu halivutiwi sigara. Vyama vya wanamotari vina viongozi kwenye kila parkingi, na motari aliyebeba bidoni anawasikia hao kuliko polisi wa rulaji. Na makanisa yetu je? Tunakodi magari kila mara, kwa mazishi, kwa kwaya, kwa mikutano ya wamama, na siku zote tunabishana bei hadi jioni. Hapo hapo, kabla pesa haijatoka mfukoni, mchungaji au mzee anaweza kuongeza sharti moja: sigara hapana, na bidoni za esansi zisipande pamoja na watu. Shofa akikataa, parkingi ina magari mengine.