Padri, Siasa na Soko la Maneno

Wapo wasomi wanaodai kwamba padri anayeingia katika siasa amekwisha kukosa kwa kule kuingia tu. Dai hilo ni potofu. Swali linalopasa kuulizwa ni hili: padri huyo anasema kwa niaba ya nani?

Mfano ulio dhahiri ni John McLaughlin wa Marekani, Mjesuiti aliyepewa upadri mwaka 1959. Mwaka 1970 aligombea Useneti katika jimbo la Rhode Island kwa tiketi ya chama cha Republican, akashindwa. Mwaka uliofuata aliingia Ikulu ya Washington kumwandikia Rais Nixon hotuba. Mabomu yalipokuwa yakiwaangukia wakulima wa Vietnam na Kambodia, padri huyu aliitetea vita. Kashfa ya Watergate ilipofichuka, alimtetea bwana wake mpaka Nixon alipojiuzulu Agosti 1974. Mwaka 1975 aliacha upadri.

Mwaka 1982 alianzisha kipindi cha televisheni chenye jina lake, akakiongoza mpaka alipofariki Agosti 2016. Humo waandishi walikatizana kauli kwa nusu saa, mambo ya vita na kodi yakageuzwa kuwa ubashiri wa haraka, na mwenyekiti akatoa hukumu kwa sauti kubwa. Kwa miaka mingi mdhamini wake alikuwa General Electric, kampuni iliyotengeneza pia injini za ndege za kivita. Wapenzi wake husema kwamba aliwavuta watu wengi kufuatilia siasa. Lakini kutazama mabishano si kushiriki katika maamuzi.

Mwaka huohuo wa 1970, Mkatoliki mwingine, Mwalimu Nyerere wa Butiama, alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, dada wa mapadri waliokuwa wakitumikia Mara tangu miaka ya 1940. Hakuwaambia wanadini wajitenge na siasa. Aliwataka washiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini. Hiyo nayo ni siasa, tena siasa kali. Lakini anayenufaika nayo ni mnyonge, wala si Ikulu au mdhamini.

Tofauti hiyo mwananchi wa Nyamuswa, wilayani Bunda, haihitaji kufundishwa. Katika mkutano wa kijiji, anayesema juu ya kisima au bei ya pamba atakutana kesho yake njiani na wale aliowaambia. Akidanganya, ataulizwa. Mbashiri wa televisheni hakutani na mtu.

Leo mabishano ya namna hiyo yamejaa katika televisheni na simu zetu, na vijana wanayaiga wakidhani kwamba kupaza sauti ndiko kujenga hoja. Hapo ndipo wajibu wa mwalimu na mtumishi wa umma ulipo. Mwalimu amfundishe mwanafunzi kudai ushahidi kabla ya kushangilia. Mtumishi naye akubali kuulizwa na wananchi, na awajibu. Taifa likizoea kuamuliwa mambo yake na wapiga kelele, wanyonge ndio watakaolipa gharama.