Tanipu Haikufanya Kazi Peke Yake

Vitabu vya historia na vya kilimo hupenda kusimulia habari za Charles Townshend, mkuu wa Uingereza aliyejiuzulu uwaziri mwaka 1730, akarudi kwenye mashamba yake huko Norfolk, akashughulika na kilimo cha tanipu hata watu wakambandika jina la mmea huo. Tanipu ni ndugu wa kabeji mwenye mzizi mnene ulioviringana, nao mzizi na majani yake huliwa na mifugo. Masimulizi hayo yamempendelea mno bwana huyo, maana wakulima wa mashariki ya Uingereza walikuwa wakiwalisha ng'ombe wao tanipu tangu karne ya 17. Kosa hilo ni dogo. Lililo kubwa ni kuisifu tanipu kana kwamba ndiyo pekee iliyoirutubisha ardhi ya Norfolk.

Mzunguko wa mazao wa Norfolk ulikuwa wa miaka minne: ngano, tanipu, shayiri, kisha klova, ambayo ni ya jamii ya kunde. Tanipu ilichukua nafasi ya mwaka ambao zamani shamba lililazwa bila zao. Ilipopaliliwa, magugu yalipungua. Na majira ya baridi yalipofika kondoo waliingizwa shambani waile papo hapo, samadi yao ikabaki udongoni. Lakini naitrojeni mpya haikutoka kwenye tanipu. Ilitoka kwenye klova, ambayo mizizi yake huwa na vifundo vya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Tanipu haina vifundo hivyo. Wala hawana ndugu zake: kabeji, sukuma wiki, haradali, figili, na hata loshuu inayopikwa Arusha. Mimea hii huokota tu naitrojeni iliyokwisha kuwamo ardhini.

Jambo hili lina uzito kwa nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambako ng'ombe wa maziwa hulishwa bandani na kila kipande cha ardhi kina kazi yake. Siku hizi jamii ya kabeji inasifiwa katika nchi nyingi kuwa ni mimea bora ya kufunika udongo na kulisha mifugo. Sifa hizo si za uongo. Mbegu huota upesi, majani hufunika ardhi baada ya majuma machache na kuikinga na matone ya mvua, na mzizi mrefu wa figili hupenya udongo ulioshindiliwa. Naitrojeni ambayo ingechukuliwa na maji ya mvua hunaswa katika majani. Walakini majani hayo ni laini, huoza haraka, na kifuniko hakidumu. Tena, mimea hii haishirikiani na kuvu wa mizizini wanaoyasaidia mahindi kupata fosforasi. Na mkulima ambaye tayari huuza kabeji akipanda ndugu zake kuwa kifuniko, huwapa wadudu na magonjwa ya kabeji chakula cha mwaka mzima. Vijidudu vya ugonjwa wa kuvimba mizizi vyaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 vikingoja.

Upande wa malisho, hesabu ndiyo inayosahauliwa. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa huhitaji kwa siku chakula cha kilo 12 hivi, kikipimwa bila maji. Majani ya kabeji yana maji kiasi cha sehemu tisa katika kumi. Mzigo wa kilo 40, unaomtoa jasho mtu mzima, una chakula cha kilo 4 tu, yaani theluthi moja ya haja ya ng'ombe mmoja. Ni heri usizidi hapo. Mimea hii ina nyuzinyuzi chache, na ng'ombe asiyepata mabingobingo au majani makavu huharibikiwa na tumbo.

Ipo pia kemia yake. Ukali wa haradali unatokana na glukosinoleti, ambazo jani likisagwa huvunjwa na vimeng'enya vilivyomo humo humo. Baadhi ya mazao yake huizuia tezi ya shingo kutumia madini joto. Kampaundi nyingine yenye salfa hugeuzwa na bakteria wa tumbo la kwanza la ng'ombe kuwa sumu inayovunja chembe nyekundu za damu. Kiasi chake huongezeka mmea unapokomaa na kutoa maua. Kwa hiyo majani hukatwa yakiwa machanga, ng'ombe huzoeshwa kidogo kidogo, na hulishwa baada ya kukamuliwa ili maziwa yasinuke.

Madhali hali ni hiyo, kumshauri mkulima apande figili au haradali peke yake ni kumpa nusu ya Norfolk, tena ile nusu isiyorutubisha. Nusu ya pili ni mkunde, kama vile fiwi, pamoja na samadi. Nao wakati wa kupanda hauwezi kunakiliwa. Kule adui ni baridi. Huku ni kiangazi, na mmea uliojaa maji namna hii haufai kupandwa mvua zikiisha. Hupandwa kabla, zao kuu linapokaribia kuvunwa, ungali unyevu ardhini.

Shule yenye shamba yaweza kulijaribu hili kwa vipande vitatu: figili peke yake, fiwi peke yake, na mchanganyiko. Majani ya kila kipande yapimwe yakiwa mabichi, yaanikwe hadi uzito usipungue tena, kisha yapimwe mara ya pili. Msimu ufuatao mahindi yapandwe katika vipande vyote pasipo mbolea, na punje zipimwe. Mizani ya dukani, jua na daftari vyatosha.