Kisu cha Buchani na Kipindi cha Dini

Mwezi Februari 2013, katika mji mdogo wa Buseresere mkoani Geita, mchungaji wa Kanisa la Tanzania Assemblies of God aliuawa katika vurugu zilizotokana na swali la nani achinje. Hawakugombea dhahabu, wala mpaka wa shamba. Waligombea kitoweo.

Wapo wenzetu wanaodai kwamba dawa ni kutenga mabucha. Hoja hii ni potofu. Geita ni mkoa uliomegwa mwaka 2012 kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, na machimbo yake yamekusanya watu wa kila kabila na kila dini. Wachimbaji hushuka katika duara moja kwa kamba moja. Je, wanaokabidhiana roho zao chini ya ardhi watengwe sufuria wakishapanda juu?

Wengine wanataka dini iondolewe shuleni kabisa. Hawa nao hawakufikiri. Mtoto aliyenyimwa dini mbele ya mwalimu ataipata kwenye kipaza sauti cha sokoni, kwa mtu asiyekaguliwa na yeyote.

Kasoro imo katika namna tunavyofundisha. Kengele ya kipindi cha dini ikilia, Waislamu huingia chumba hiki, Wakristo kile, na watoto wa wazee wanaoshika mila za Kisukuma (hao hatuwataji kamwe) hubaki nje. Kila mmoja husoma yake, asijue lolote la jirani. Lakini Sura ya al-Maida, ile ile inayoharamisha nyamafu, damu na nguruwe, katika aya ya tano inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu. Wanazuoni wamejadili masharti yake kwa karne nyingi, na mjadala huo ndio elimu yenyewe. Paulo naye, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, aliwaruhusu Wakristo kula nyama iuzwayo sokoni bila kuulizauliza. Ni wanafunzi wangapi wa Geita wamefundishwa yote mawili?

Desturi ya kumwita Mwislamu achinje msibani, ili wote wale, ilikuwa adabu ya mwenyeji kwa wageni wake. Upande mmoja ulipoidai kuwa ni haki, na mwingine ukaiona kuwa ni kutawaliwa, adabu ilikufa. Sisi wasomi na watumishi wa umma tulioila nyama hiyo miaka yote bila kuwaeleza vijana maana yake hatuwezi kunawa mikono.

Maofisa elimu wa Shinyanga na Geita wawaite shehe na katekista, wapange somo la chakula, na watoto wote walisikilize katika chumba kimoja. Kazi hii haingoji bajeti, chaki ipo.