Lugha Yetu: Atumikaye si Mtumwa



Jirani zetu wa Uvira na kwingineko mashariki ya Kongo wakisema, "Ninatumika bandarini," maana yao ni kwamba wanafanya kazi bandarini. Msemo huo husikika hata katika masoko ya Bujumbura. Mgeni atokaye Unguja huweza kushangaa, kwani kwao kitumikacho ni jembe au sufuria. Je, nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Shina la neno hili ni kitenzi cha kale, kutuma, ambacho Kirundi nacho kinacho: gutuma. Katika Kiswahili kimezaa kutumia, kutumika na kutumikia. Kutumika kukatupa mtumishi, kama vile kupika kulivyotupa mpishi. Hata Mswahili wa pwani husema "mtumishi wa serikali" bila kuona haya.

Lakini kutuma kumezaa pia ndugu wawili wasiofanana: mtume na mtumwa. Kwa asili, wote wawili ni watu waliotumwa. Mmoja aliheshimiwa kwa ajili ya ujumbe wake. Wa pili, katika pwani iliyofanya biashara ya watu, akawa mali ya bwana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, nao utumwa ukafutwa na sheria huko Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Jeraha limebaki ndani ya neno. Kirundi hakikufuata njia hiyo: intumwa ni mjumbe, na katika Biblia ya Kirundi ndilo jina la mitume.

Basi kutumwa si aibu. Askari hutumwa doria, mtoto hutumwa dukani, msaidizi wa nyumbani hutumwa sokoni. Kinachotenga utumishi na utumwa ni namna ya yule atumaye. Mtumishi huitwa kwa jina lake, hupewa haki yake kwa wakati, na anayo saa ya kupumzika. Msichana wa jikoni aamshwaye usiku wa manane kupasha chai, na mshahara wake haujalipwa, amevushwa mpaka huo bila kujua. Aliyemvusha ni yule amtumaye.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Nasi tuongeze: mtumishi hadhulumiwi.