Dirisha Linashitakiwa kwa Lipi?

Hoja za wanaolidharau dirisha katika upigaji wa picha za watu mmezisikia, na wanaozitoa ni mafundi wenye majina. Naziweka mbele yenu moja moja, mzipime.

Ya kwanza ndiyo yenye kelele: mwanga wa dirisha ni wa kubahatisha, picha ya kitaalamu inataka flashi. Lakini msemaji huyohuyo haitumii flashi tupu, huivisha sofboksi. Kwa nini? Kwa sababu flashi tupu ni chanzo kidogo, na chanzo kidogo huchora chini ya pua kivuli chenye ukingo mkali. Sofboksi hukipanua chanzo ili kivuli kilainike. Yaani amenunua dirisha la nailoni lenye upana wa sentimita 60, akalipa mgongo dirisha la mita moja na nusu. Ulaini wa mwanga hutokana na ukubwa wa chanzo ukilinganishwa na umbali wake kutoka usoni. Bei haimo katika hesabu hiyo. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani, kwa mwanga wa mchana. Anayeuita huo kubahatisha atuonyeshe zake.

Wengine hulikubali dirisha, mradi litazame kaskazini, kwani upande huo hauingii jua. Ni kweli, kwa London. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini mwa jiji. Mwezi Juni huchomoza kaskazini mashariki na kuzama kaskazini magharibi, hivyo asubuhi na alasiri miale hupenya dirisha hilo kimshazari. Mfuasi wa kanuni hii pale Temeke atamkalisha mteja juani, nondo zimchore mistari usoni. Dirisha lake la Juni ni la kusini. Desemba mambo hugeuka. Kanuni imenukuliwa bila ramani yake.

Dai la tatu lina nusu ya ukweli, ndiyo maana linahitaji uangalifu. Wanasema ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo, kwa hiyo inataka riflekta kali, ikiwezekana ya dhahabu. Sehemu ya kwanza naikubali. Ya pili haitokani nayo. Uso ukitoka na giza, fungua tundu la lenzi au punguza kasi ya shata. Riflekta kazi yake ni nyingine: hupunguza tofauti kati ya shavu lililo dirishani na lile la kivulini. Na dhahabu? Walimu hawa hawa hukataza kuchanganya mwanga wa dirisha na taa ya manjano, kwa kuwa rangi mbili haziwezi kusawazishwa pamoja kwenye kamera. Kisha wanatuletea umanjano uleule kwa mlango wa nyuma. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao, na dirisha pana huupitisha mng'ao huo polepole juu ya mfupa wa shavu. Manila nyeupe upande wa pili yatosha.

Hapo wanadai riflekta isogezwe kabisa chini ya kidevu, ifute kila kivuli. Walilisifu dirisha kwa sababu huupa uso kina. Sasa wanatumia vifaa kukifuta. Tazameni picha ya mwaka 1867 ambayo Julia Margaret Cameron alimpiga mpwa wake Julia Jackson, mama yake Virginia Woolf: upande mmoja wa uso umezama gizani, wala hakuna aliyewahi kuomba uangazwe.

La mwisho ni kwamba jua huzama. Sina ubishi. Harusi ya usiku ukumbini ipigwe kwa flashi. Ila hiyo ni hoja ya saa, nao huileta kama ushahidi dhidi ya picha zilizopigwa saa nne asubuhi.