Kurusha ni Siku Moja, Kutunza ni Miaka 14

Tukipitia majarida ya shule na madrasa mbalimbali tunakuta kwamba makala za sayansi karibu zote zinahusu kitu kipya: kimevumbuliwa, kimeundwa, kimerushwa angani. Si vibaya. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mwanafunzi hupenda kusoma habari zenye unyemi. Lakini maoni yetu mwaka huu ni kwamba nusu ya sayansi, na pengine ile nusu iliyo ngumu zaidi, huanza pale utepe unapokuwa umeshakatwa na wageni wa heshima wamekwenda zao. Nani anabaki na chombo? Nani anajua kwamba kimeanza kuchoka, na kimechoka kwa kiasi gani?

Mfano tumeuchukua mbali, ili asiwepo wa kudhani kwamba anasemwa yeye.

Tarehe 12 Septemba 1991 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Discovery kiliruka kutoka Florida kikiwa kimebeba setilaiti ya shirika la NASA, jina lake UARS. Siku chache baadaye wanaanga waliinyanyua kwa mkono wa mashine wakaiachia angani, kiasi cha kilomita 585 juu ya ardhi. Ilikuwa kubwa kama basi, uzito wake zaidi ya tani 6, na ndani yake mlikuwa na vyombo 10 vya kupimia. Kazi yake ilikuwa kuichunguza hewa ya juu, hasa tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Wakati ule dunia ilikuwa imekwisha jua kwamba tabaka hilo linaharibiwa na gesi zilizotumika katika mafriji na makopo ya kupulizia, na mataifa yalikuwa yametia saini makubaliano ya Montreal ya mwaka 1987 ili kuzipunguza. Lililobaki ni kupima: je, hali inaendaje huko juu?

UARS ilipangiwa kufanya kazi miaka 3. Ilifanya kazi miaka 14.

Sasa tuangalie miaka hiyo ilipatikanaje, maana haikushuka kama mvua. Setilaiti hula umeme wa jua. Paneli zake za sola lazima zigeuke polepole kulifuata jua, mzunguko mmoja mzima kila setilaiti inapoizunguka dunia, yaani kila baada ya dakika 96 hivi, usiku na mchana. Tena baadhi ya vyombo vyake vilikuwa na upande wa baridi ambao haukutakiwa kuliona jua kabisa. Kwa kuwa njia ya setilaiti hujisogeza kidogo kidogo ikilinganishwa na jua, kila baada ya siku 36 hivi wasimamizi waliopo ardhini walilazimika kuigeuza setilaiti nzima, mbele ikawa nyuma. Kwa hiyo chombo kama MLS, kilichotazama ubavuni, kiliweza kuona karibu na ncha ya kaskazini kwa siku 36, kisha kikageuziwa kusini kwa siku 36 nyingine. Anayesoma takwimu zake bila kujua ratiba hiyo atadhani ncha moja ya dunia imepotea.

Mwezi Juni 1992, hata mwaka haujatimia, kifaa kinachozungusha paneli kilipata hitilafu kwenye klachi yake. Fundi wa gari atacheka, kwa sababu ugonjwa huo anaujua vizuri. Tofauti ni kwamba yeye hulala chini ya gari na spana mkononi, na hawa walikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni amri inayotumwa kwa redio. Vyombo vikazimwa kwa muda huku watu wakitafuta namna ya kuishi na ugonjwa ule. Baadaye betri nazo zikazeeka. Umeme ukawa hautoshi kuviwasha vyombo vyote kwa pamoja, ikabidi vipokezane: huyu anafanya kazi, yule analala. Kuamua nani alale si jambo dogo. Kila chombo kina wataalamu wake waliokingoja miaka mingi, na kila mmoja anaona chake ndicho muhimu.

Katika vyombo vile 10 kuna viwili ambavyo tunapenda mwanafunzi avifahamu. Kimoja, CLAES, kilipozwa kwa barafu ya gesi ya neoni na ya kaboni dioksidi, baridi inayokaribia nyuzi 250 chini ya sifuri. Barafu hiyo ilikuwa ikiyeyuka kidogo kidogo tangu mwanzo, na hakuna aliyeweza kwenda kuongeza nyingine. Kila mtu alijua kwamba chombo hiki kitakufa. Kingine, ISAMS, kilichotengenezwa Uingereza, kilipozwa kwa mashine isiyohitaji barafu, kwa hiyo kingetarajiwa kuishi zaidi. Kilichotokea ni kwamba ISAMS kilisimama Julai 1992, kwa sababu kisahani kidogo kinachozunguka mbele ya macho yake kiligoma. CLAES kikaendelea hadi Mei 1993, barafu yake ilipokwisha, karibu sawa na ilivyohesabiwa. Yule aliyejulikana siku yake ya kufa alimzika mwenzake. Na kwa kuwa siku yake ilijulikana, watu wa CLAES walipanga mapema wapime nini kabla ya siku hiyo.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaodhani kutunza chombo maana yake ni kukizuia kisiharibike. Chombo kitaharibika. Kilicho muhimu ni kuijua kasoro yake kwa hesabu. Tuseme saa ya ukutani ya msikitini inachelewa dakika 2 kila wiki, na msimamizi analijua hilo na kuirekebisha kila Ijumaa. Saa hiyo ni nzuri. Saa mbaya ni ile inayochelewa na hakuna ajuaye, kila mtu akaiamini.

Miale mikali ya jua huvichosha vioo vya chombo chochote kinacholitazama jua kila siku. Mwanga ukipungua, utajuaje kama ni jua lililofifia au ni kioo chako kilichochakaa? Wataalamu wa UARS walikuwa na vyombo viwili kwa ajili ya miale hiyo, na kila kimoja kilikuwa na dawa yake. SOLSTICE, kikimaliza kulipima jua, kiligeukia nyota kadhaa za buluu zinazojulikana kwa utulivu wao, kikazipima kwa vioo vilevile. Nyota zote zikionekana kufifia kwa pamoja, mwenye akili anajua kwamba aliyebadilika si nyota. SUSIM nacho kilikuwa na mitambo miwili ya aina moja, mmoja wa kazi ya kila siku na mwingine wa kufunguliwa kwa nadra sana, pamoja na taa zake chenyewe za kujipimia. Ule uliotunzwa ndio uliosema kama ule unaofanya kazi umeanza kusema uongo. Muuza duka anayeweka kando jiwe moja la mizani lisilotumika, ili alinganishe nalo mawe mengine, ameshaielewa SUSIM bila kufika chuo kikuu.

Cha tatu, HALOE, ndicho tunachokipenda zaidi. Kilitazama jua likichomoza na likizama kwenye ukingo wa dunia, mara 15 kuchomoza na mara 15 kuzama kila siku. (Ni heri hakukuwa na mtu ndani yake, maana suala la saa ya kufuturu lingewapa wanavyuoni kazi.) Kila mara kilipima jua mara mbili: likiwa juu ya hewa yote, na likionekana kupitia ndani ya hewa. Tofauti kati ya vipimo hivyo ndiyo iliyoeleza kuna gesi gani na kiasi gani. Kwa hiyo hata kioo kikichakaa, kimechakaa kwa vipimo vyote viwili, na kasoro inajifuta yenyewe.

Hata hivyo hawakuridhika na chombo kujipima chenyewe. Vipimo vya angani hulinganishwa na vile vya maputo yanayorushwa kutoka ardhini yakiwa na vipima ozoni, ambayo hupanda hadi kiasi cha kilomita 30 kabla ya kupasuka. Moja ya vituo hivyo liko Nairobi, ambako Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilianza kazi hiyo katika miaka ya 1990. Mtu anayejaza puto gesi pale Nairobi naye ni mtunzaji wa setilaiti, ingawa hajawahi kuigusa.

Faida yake ni nini? Msomaji ana haki ya kuuliza, maana kazi hii yote ina gharama. Jibu tunalo. Kwanza, walikuwapo watu waliodai kwamba klorini ya huko juu inatoka baharini na kwenye volkeno, na mlima Pinatubo wa Ufilipino ulikuwa umelipuka Juni 1991, miezi mitatu tu kabla ya UARS kurushwa. HALOE kikapima pia gesi yenye florini, ambayo huko juu chanzo chake ni zile gesi za viwandani zinapovunjika. Hoja ya bahari na volkeno ikakosa miguu. Pili, na hapa ndipo penye hoja yetu, HALOE kilipima klorini mwaka hadi mwaka kwa kupitia gesi ya haidrojeni kloridi, na vipimo vya kimo cha kilomita 55 hivi vilionyesha inapanda, inapanda, hadi kufikia mwaka 1997 hivi, kisha ikaanza kushuka. Kushuka huko kulionyesha kwamba makubaliano ya Montreal yanafanya kazi.

Hesabu wenyewe. Lau setilaiti ile ingezimwa baada ya miaka yake 3, yaani mwaka 1994, kumbukumbu ya HALOE ingeonyesha kupanda tu. Kipimo kingekuwa sahihi, na habari ingekuwa nusu. Nusu ya pili ililetwa na watu waliogawa umeme kwa mafungu, waliogeuza setilaiti kila siku 36, na kuandika kila kilichokwama.

Kuhusu kuandika, tuongeze kisa kimoja kifupi. Mwaka 2004 ilirushwa setilaiti nyingine ya hewa, Aura, ikiwa na chombo kiitwacho HIRDLS. Kilipowashwa ikagundulika kwamba kipande cha plastiki kimebanduka wakati wa kurushwa na kuziba kiasi cha asilimia 80 ya nafasi ya kuonea. Wangeweza kukitangaza maiti. Wangeweza pia, na hili ni baya zaidi, kunyamaza na kutoa takwimu. Walisema wazi, wakakaa miaka wakihesabu plastiki ile inaongeza nini na inapunguza nini katika kila kipimo, na kwa ile asilimia 20 iliyobaki wakapata takwimu za kufaa hadi chombo kiliposimama Machi 2008.

Kuna watakaosema: hayo ni ya matajiri, sisi hatuna setilaiti. Kwanza si kweli kwamba hayatuhusu. Karibu na Malindi kuna jukwaa la Waitaliano la San Marco, ambako kati ya 1967 na 1988 zilirushwa setilaiti, baadhi yake za kupima hewa ya juu. Watu wa Pwani wanaikumbuka zaidi ile iliyoitwa Uhuru, ya tarehe 12 Desemba 1970, kwa sababu ya jina na siku yake. Urushaji ulikoma 1988, lakini antena za kituo cha nchi kavu ziliendelea kusikiliza setilaiti za watu wengine miaka mingi baadaye. Wa kuzisikiliza hawakupewa siku ya sherehe.

Pili, tumeona sote, katika shule zaidi ya moja, chumba cha kompyuta kilichofunguliwa kwa hotuba na soda, na baada ya mihula mitatu kimefungwa kwa kufuli. Ukiuliza zimeharibika nini, jibu ni "zimeharibika tu." Hakuna anayejua ipi ilianza, lini, wala kama ni waya au kifaa kizima. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye umaskini, kuliko hata kwenye uhaba wa fedha. Kompyuta 20 zisizo na daftari ni sawa na HIRDLS iliyonyamaziwa.

Vilevile tungependa wazazi wapunguze kumdharau kijana anayesema anataka kuwa fundi wa vipimo. Mhandisi aliyebuni HALOE tunamheshimu. Lakini miaka 14 ni mirefu, na waliokuwa zamu usiku walikuwa wengi kuliko waliobuni.

Desemba 2005 UARS ilizimwa. Kabla ya hapo wasimamizi walitumia mafuta yaliyobaki kuishusha, ili isibaki huko juu miaka mingi ikiwa takataka njiani mwa setilaiti nyingine. Ilianguka tarehe 24 Septemba 2011 katika bahari ya Pasifiki, mbali na watu. Hata kuzimwa kwake kulisimamiwa.

Nasi tunayo rai kwa uongozi na kwa wanafunzi wenzetu. Kipimamvua kile cha uwanjani kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, na kila darasa kuanzia la tano litoe wanafunzi wawili wa zamu. Daftari liwe moja, la jalada gumu, likae ofisini. Siku ambayo hakikusomwa iandikwe kwamba hakikusomwa, na siku kilipokutwa kimepinduliwa na mbuzi iandikwe hivyo hivyo.